Intaneti ya nyumbani si bomba la maji

Kama umewahi kusoma maelezo yoyote ya Kiswahili kuhusu spidi ya intaneti, lazima umekutana na bomba. Intaneti ni kama maji, laini yako ni kama bomba, na Mbps ni upana wa bomba. Wakifungua koki wengi kwa pamoja, kila mmoja anapata kidogo. Dawa? Nunua bomba pana zaidi, au funga koki za watu. Wauzaji wa vifurushi wanautumia mfano huu, mafundi wa waifai wanautumia, walimu wa kompyuta wanautumia. Hata sisi tunaojaribu kuielezea sayansi kwa lugha nyepesi tunautumia, mimi mwenyewe nikiwemo.

Leo nataka kuukosoa. Shida yangu si kwamba mfano umerahisisha mambo, maana kila mfano unarahisisha. Shida ni kwamba mfano huu unatufanya tumkamate mtu asiye na kosa. Na hilo silisemi kinadharia. Limetokea nyumbani kwetu, na mshtaki nilikuwa mimi.

Kesi ya dogo

Tunaishi Wazo, upande wa Tegeta. Ni nyumba ya familia yenye vyumba viwili vya wapangaji kwa nyuma. Ruta ni moja tu, imekaa sebuleni juu ya kabati la TV, inatumia laini ya 4G. Jioni ya kawaida utakuta simu saba au nane, laptop mbili na TV moja, vyote vinaitegemea hiyo hiyo. Shangazi ndiye mwenye nyumba na ndiye anayelipia kifurushi, kwa hiyo password ni mali yake.

Jioni moja nilikuwa na kikao cha mtandaoni na msimamizi wangu wa tasnifu. Dakika ya tano tu, sauti ikaanza kukatika. Narudia sentensi, inakatika. Narudia tena, inakatika. Mwisho akaniandikia kwamba tuahirishe. Nikatoka chumbani nimefura, nikamkuta dogo, mtoto wa shangazi, amejikunja kwenye kochi anaangalia video kwenye simu.

"Shangazi, huyu ndo anakula neti yote."

"Wewe mtoto! Si kila siku nasema humu ndani? Lete hiyo simu."

"Mama, mi nasoma fizikia..."

"Utasoma kwenye daftari."

Password ikabadilishwa usiku uleule. Dogo alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa taifa ulikuwa umebaki miezi miwili. Akakaa wiki mbili bila waifai.

Ukiufuata mfano wa bomba, hukumu ile ilikuwa ya haki kabisa. Video ni koki kubwa, sauti ya kikao ni koki ndogo, aliyefungua koki kubwa ndiye mkosaji. Hata ushahidi ulikuwepo, kwa sababu tulimwona kwa macho yetu.

Kasoro ilijitokeza wiki iliyofuata. Dogo hayupo kabisa kwenye mtandao, na sauti yangu inakatika vilevile. Safari hii nilijizuia kupiga kelele. Nikafungua laptop, nikaandika amri ya ping, ile inayotuma pakiti ndogo kwa seva fulani na kupima inachukua muda gani kwenda na kurudi. Namba zilikuwa zinacheza juu ya milisekunde 1,200, yaani zaidi ya sekunde nzima. Nikaanza kuzima kifaa kimoja kimoja. TV ikazimwa, namba hazikubadilika. Mpangaji akanikubalia azime laptop yake kidogo, namba zikabaki palepale. Kisha nikazima waifai kwenye simu yangu mwenyewe, na namba zikashuka hadi kama 60.

Simu yangu ilikuwa inapakia video za kitchen party ya dada kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kimya kimya, ikiwa mfukoni, kwa siku kadhaa mfululizo.

Swali ni hili: inawezekanaje simu moja inayotuma video, bila hata kupakua kitu, iharibu kikao kinachohitaji kiasi kidogo sana cha data? Bomba haliwezi kujibu. Tujaribu kwa njia nyingine.

Bomba limesahau chumba cha kusubiri

Data haitiririki kama maji. Inakatwa vipande vipande vinavyoitwa pakiti, vingi vikiwa na ukubwa wa takribani baiti 1,500. Pakiti hupita mlangoni moja baada ya nyingine. Zikija nyingi kuliko mlango unavyoweza kupitisha, zinawekwa kwenye kumbukumbu ya muda ndani ya ruta au modemu. Kumbukumbu hiyo inaitwa bafa. Bafa ndicho chumba cha kusubiri, na bomba halina kitu kama hicho.

Sasa njoo tupige hesabu. Tuseme uwezo wa kupakia kwenye laini yako ni 2 Mbps, yaani megabiti 2 kwa sekunde. Tuseme bafa ya modemu inabeba kilobaiti 250. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo bafa ikijaa ina kilobiti 2,000. Mlango unapitisha kilobiti 2,000 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba pakiti yoyote inayofika wakati bafa imejaa itasubiri sekunde 1 nzima kabla ya kutoka nje ya nyumba. Haijalishi ni ndogo kiasi gani, wala haijalishi ni ya nani.

Fikiria kituo cha Tegeta Nyuki asubuhi. Mtu mmoja ameleta wageni wa harusi 160 kwa mpigo, wote wamepanga mstari. Wewe umekuja peke yako na kibegi chako, unaenda Mwenge tu. Magari hayajapungua, barabara ni ileile, na wewe huhitaji zaidi ya kiti kimoja. Lakini utasubiri mpaka wale 160 waishe. Pakiti za sauti yangu ndizo huyo abiria wa peke yake, na video za kitchen party ndiyo msafara wa harusi. (Ukigawanya kilobaiti 250 kwa baiti 1,500 unapata pakiti zaidi kidogo ya 160. Namba sijaibahatisha.)

Sauti ya kikao huhitaji takribani kilobiti 100 kwa sekunde au chini ya hapo. Ni kama asilimia 5 ya laini yetu ya mfano. Nafasi ya kupita ilikuwepo, kilichokosekana ni kupita kwa wakati. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja kama mnataka mazungumzo ya kawaida. Sekunde moja ni zaidi ya mara sita ya hapo. Ndiyo maana mnaanza kuongea kwa pamoja, mnanyamaza kwa pamoja, kisha mnaulizana "unanisikia?"

Kuna jambo jingine ambalo bomba halilioni. Unapopakua kitu, kifaa chako kinalazimika kutuma juu pakiti ndogondogo za kusema "nimepokea". Foleni ya kupakia ikijaa, na hizo risiti zinakwama. Seva isipopata risiti kwa wakati inapunguza mwendo. Kwa hiyo simu inayotuma inaweza kuwapunguzia spidi hata wanaopokea. Siku ile inawezekana dogo naye video yake ilikuwa inakwama, na aliyemkwamisha ni mimi niliyemshtaki.

Mficha maradhi

Utasema basi tuongeze bafa, chumba kiwe kikubwa zaidi. Hapa ndipo sayansi yake inapopendeza, maana jibu ni kinyume cha tunavyotarajia.

Njia kuu ya kusafirisha data kwenye intaneti inaitwa TCP. Kompyuta inayotuma haijui uwezo wa njia nzima mpaka mwisho. Inachofanya ni kuongeza mwendo kidogo kidogo mpaka pakiti ipotee. Pakiti ikipotea, inaelewa kwamba njia imejaa, inapunguza mwendo, kisha inaanza kupanda tena. Yaani kupotea kwa pakiti ni ujumbe, na kwa muda mrefu ndio umekuwa ujumbe mkuu ambao mtumaji anaupata.

Hii haikuwa hivyo tangu mwanzo. Oktoba 1986, mwendo wa data kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Sehemu hizo mbili zilikuwa umbali wa takribani mita 370 tu. Van Jacobson, akishirikiana na Mike Karels, alichunguza na kuifundisha TCP kupunguza mwendo inapoona dalili za msongamano. Makala yake ya mwaka 1988 ni sehemu ya sababu kwamba intaneti ipo mpaka leo.

Sasa weka bafa kubwa katikati. Pakiti hazipotei, zinasubiri tu. Mtumaji haoni dalili yoyote, anaongeza mwendo, foleni inarefuka, naye bado anadhani mambo ni shwari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na bafa kubwa ni mficha maradhi wa mtandao. Tangu 1985 John Nagle alikuwa ameshaonyesha kwamba hata ukiipa ruta kumbukumbu isiyo na mwisho, msongamano hauondoki. Pakiti zinazeeka kwenye foleni mpaka zinakuwa hazina kazi.

Lakini bei ya kumbukumbu ilishuka, na watengenezaji wakaendelea kujaza bafa kubwa kwenye vifaa vya nyumbani, kwa nia nzuri kabisa ya kuzuia pakiti zisipotee. Mwaka 2010, Jim Gettys, mhandisi mwenye uzoefu wa miongo kadhaa huko Marekani, alikuwa anatuma mafaili makubwa kutoka nyumbani kwake akakuta ucheleweshaji wa zaidi ya sekunde moja kwenye njia ambayo kawaida huchukua milisekunde chache tu. Familia yake ilikuwa inamlalamikia kwamba intaneti ni nzito, kumbe anayeikaba ni yeye. Niliposoma habari hiyo nilijisikia nafuu kidogo. Tatizo hilo alilipa jina "bufferbloat", yaani kuvimbiwa kwa bafa.

Dawa tatu tulizozoea

Kwa kuwa tunafikiri kwa bomba, tunatibu kwa bomba. Nimeona dawa tatu mtaani kwetu, na zote zina kasoro ileile.

*Ya kwanza ni kununua kifurushi kikubwa.* Rudi kwenye hesabu yetu. Ukiongeza kupakia kutoka 2 Mbps hadi 4 Mbps, foleni ya bafa ileile inashuka kutoka sekunde 1 hadi nusu sekunde. Bado ni milisekunde 500, bado kikao hakiendi. Ili ifike 150 utahitaji zaidi ya 13 Mbps za kupakia. Na kumbuka kwamba tangazo la kifurushi kwa kawaida linataja spidi ya kupakua. Unaweza kulipa mara mbili na upande wenye tatizo usiguswe kabisa.

*Ya pili ni kumfungia mtu.* Badilisha password, weka ratiba ukutani, wapangaji mwisho saa mbili usiku. Anayefungiwa karibu kila mara ni yule anayeonekana, yaani mtoto mwenye video, dada wa kazi anayepiga simu ya video kwao, mpangaji mwenye laptop. Kinachopakia picha kikiwa mfukoni hakionekani, wala kompyuta inayopakua masasisho ikiwa imefunikwa. Bomba linatufundisha kumtafuta anayetumia sana. Foleni inatufundisha kumtafuta anayejaza chumba cha kusubiri. Mara nyingi hao ni watu wawili tofauti.

*Ya tatu ni kukata vipande sawa.* Hii wanaipenda mafundi, maana ruta nyingi zina menyu ya kuweka kikomo kwa kila kifaa. Una 10 Mbps na vifaa vitano, kila kimoja 2 Mbps, kwisha kazi. Inaonekana ya haki. Lakini matumizi ya intaneti ni ya kupasuka na kutulia. Unafungua ukurasa, data inakuja kwa sekunde mbili, kisha unasoma dakika tatu bila kutumia chochote. Ukikata vipande vigumu, saa nane usiku mtu mmoja aliye macho anapata 2 Mbps na zile 8 zinalala bure. Uzuri wa kushirikiana laini ni kukopeshana. Anayepumzika anamwachia mwenye haja, na akirudi anapewa chake. Vipande vigumu vinaua hilo. Halafu hata ndani ya kipande chako mwenyewe, kupakia kwako bado kunaweza kukuharibia simu yako mwenyewe.

Sisemi dawa hizi hazisaidii kamwe. Kikomo cha kupakia kwenye simu moja yenye msafara wa harusi kinasaidia kweli. Ninachosema ni kwamba tunazichagua bila kujua ugonjwa.

Kinachotibu foleni

Dawa ya foleni ina hatua tatu, na zote zinaeleweka bila kuwa mhandisi.

Kwanza, hamishia foleni mahali unapoweza kuitawala. Bafa iliyovimba iko kwenye modemu au kwa mtoa huduma, na huko huna mkono. Ukiiambia ruta yako isitume zaidi ya, tuseme, asilimia 85 ya uwezo wa kweli wa laini, bafa ya mbele haijai. Foleni inabaki kwako. Umepoteza asilimia 15 ya spidi kwenye karatasi, umepata kikao kinachosikika.

Pili, pima muda badala ya idadi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyohuyo Van Jacobson walitoa mbinu inayoitwa CoDel. Haiulizi "pakiti ngapi zimo kwenye foleni?" bali "kila pakiti imesubiri kwa muda gani?" Ikiona kwamba kwa kipindi cha milisekunde 100 kusubiri hakujashuka chini ya milisekunde 5, inaanza kutupa pakiti moja moja ili watumaji wapate ujumbe mapema. Hapa mfano wangu wa kituo cha daladala nao unafika mwisho wake, maana abiria hatupwi nje ili kufikisha ujumbe. Pakiti inatupwa, mtumaji anaituma tena, na hakuna kinachopotea moja kwa moja.

Tatu, panga mistari mingi badala ya mmoja. Kila mawasiliano yanapewa mstari wake, na mlango unachukua kidogo kutoka kila mstari kwa zamu. Wale 160 wa harusi wana mstari wao, wewe wa kibegi una wako, na zamu yako inafika haraka. Ninachokipenda hapa ni kwamba ruta haihitaji kujua kuwa wewe ni sauti na yule ni video. Mwepesi anapita upesi kwa sababu ni mwepesi. Hakuna haja ya shangazi kukaa na orodha ya nani ni muhimu kuliko nani.

Mbinu ya pili na ya tatu zikiunganishwa zinaitwa FQ-CoDel, na toleo lililokuja baadaye linaitwa CAKE, ambalo limo ndani ya Linux tangu 2018. Vyote ni bure. Ukiwa na ruta inayokubali OpenWrt, unaziwasha kwa dakika chache kupitia kipengele kinachoitwa SQM. Ruta nyingi za bei nafuu hazina kitu hiki. Unaweza kuweka ruta ya pili iliyotumika nyuma ya ile ya 4G, ndivyo nilivyofanya mimi. Kama huna, anza na hatua zisizo na gharama. Weka kupakia picha kufanyike usiku wa manane, na kwenye kompyuta weka kikomo cha kupakia ndani ya programu ya hifadhi. Hilo pekee lingemwokoa dogo.

Kuna tatizo la kweli na laini za 4G, nisilifiche. Uwezo wake unapanda na kushuka, kwa sababu mnara unashirikiwa na mtaa mzima. Asilimia 85 ya spidi ya saa tano asubuhi inaweza kuwa kubwa kuliko laini yote ya saa mbili usiku. Mimi nimechagua kipimo cha jioni, saa ambayo nyumba nzima ipo. Mchana tunapoteza spidi fulani, na tumekubaliana nalo.

Haki kwa nani?

Ukishaacha bomba, unakutana na swali ambalo bomba lilikuwa limelificha. Kugawana sawa ni kugawana nini?

FQ-CoDel inagawa sawa kwa kila muunganisho. Lakini programu moja inaweza kufungua miunganisho 30 kwa wakati mmoja wakati mwenzake ana mmoja. Kwa kanuni hiyo wa kwanza anapata zamu 30. Mtafiti Bob Briscoe alilikosoa wazo hili vikali mwaka 2007, kwamba haki inayohesabu miunganisho haina maana kwa watu wenye mwili. CAKE inajibu kwa kiasi fulani, kwani inaweza kugawa kwanza kwa vifaa, kisha kwa miunganisho ndani ya kila kifaa. Lakini hata kifaa si mtu. Mimi nina laptop na simu, dogo ana simu moja. Kwa kanuni ya vifaa, mimi nina sehemu mbili.

Halafu kuna hewa yenyewe. Nyumba zetu ni za tofali za simenti, na huku Wazo simenti hatujawahi kuikosa, kiwanda kipo hapahapa tangu miaka ya 1960. Kuta hizo zinadhoofisha waifai. Simu ya mpangaji wa chumba cha nyuma ikishuka hadi mwendo wa 6 Mbps kwenye hewa, pakiti moja ya baiti 1,500 inachukua milisekunde 2 kupita. Laptop iliyo karibu na ruta, kwa 54 Mbps, inachukua kama milisekunde 0.22. Hewa ni moja, akiongea mmoja wengine wananyamaza. Ukimpa kila mtu pakiti sawa, wa mbali anakalia hewa mara tisa zaidi ya wa karibu, na nyumba nzima inashuka kumfuata. Ukimpa kila mtu muda sawa wa hewa, nyumba inapumua, ila mpangaji anapata kidogo ilhali analipa kodi kamili. Wakati mwingine dawa ni kusogeza ruta kutoka juu ya kabati hadi kwenye korido. Lakini kuamua nani awe karibu na ruta ni uamuzi wa familia, hesabu haiwezi kuufanya.

Hiki ndicho kinachonikera zaidi kwenye mfano wa bomba. Unaufanya ugomvi wa kugawana uonekane kama uhaba wa kawaida, kama mvua zisiponyesha. Uhaba hauna wa kuulizwa. Kugawana kuna kanuni, na kanuni ina aliyeiweka, hata kama ni mhandisi aliyeamua ukubwa wa bafa bila kuwahi kutufikiria.

Bomba libaki wapi

Nisiwe mkali kupita kiasi. Bomba lina mahali pake. Kabla ya nyaya za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 kufika pwani yetu, Tanzania ilitegemea sana satelaiti, na uhaba wa uwezo ulikuwa uhaba kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizohizo mbili zilipopata hitilafu baharini, tuliona wote. Hapo hakuna mbinu ya foleni ingerudisha uwezo uliopotea. Na kwa anayenunua bando la MB, kiasi kinachobaki ni kama maji kwenye simtank, yakiisha yameisha. Kwa mambo hayo bomba linaeleza vizuri.

Lakini kwa swali la "kwa nini sauti inakatika wakati spidi ipo", bomba linapotosha. Njia ya kujua uko kwenye tatizo lipi ni rahisi. Pima ping nyumba ikiwa imetulia. Kisha anza kupakia faili kubwa, pima tena. Baadhi ya tovuti za kupima spidi siku hizi zinaonyesha ucheleweshaji laini ikiwa na mzigo, kwa hiyo usiishie kusoma namba kubwa ya katikati. Kama ucheleweshaji unabaki karibu palepale lakini kila kitu ni cha polepole, una tatizo la bomba. Kama unaruka kutoka makumi hadi mamia au maelfu, una tatizo la foleni, na hela ya kifurushi kikubwa iweke kwanza.

Nilipomaliza kufunga ruta ya pili nilienda kwa shangazi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, na nikamwambia kwamba aliyekula neti siku ile nilikuwa mimi. Aliniangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasoma kweli?"

"Ndiyo shangazi."

Akaniambia password mpya nikampe dogo mwenyewe, kwa mkono wangu, na nimwombe samahani mbele yake. Nilifanya hivyo. Dogo alicheka, akauliza kama na simu yangu itanyang'anywa wiki mbili. Swali lake lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu.